Muulize Fundi wa Raketi: Wanaokaa upande wa kulia wa daftari

Roland-Garros, yale mashindano makubwa ya tenisi ya Paris, imekwisha tangu mwezi uliopita, lakini barua hazijakwisha. Kila mwaka ni vilevile. Miezi kumi na moja watu wananiuliza bei ya nyuzi na dawa ya mpini unaoteleza. Tenisi ya Paris ikianza, nusu ya Lubumbashi inageuka walimu wa historia. Safari hii boksi langu la viatu limejaa hadi kifuniko hakifungi. Nimechagua barua sita. Wengine mnisamehe. Na yule aliyeuliza kama namfahamu Federer uso kwa uso: hapana, ndugu yangu, wala yeye hanifahamu.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi ni fundi wa kutia nyuzi raketi. Nilianza nikiwa muokota mipira, miaka kumi na mmoja, miguu pekupeku, kwenye klabu moja ya mjini ambayo jina lake nitalimeza. Pamoja na mipira nilikuwa na kazi ya ubao. Jumapili ya fainali ya Paris, katibu alinipa kipande cha chaki niandike matokeo karibu na buveti, pale panapouzwa vinywaji. "Andika bingwa peke yake," aliniambia, "ubao ni mdogo." Nikaandika bingwa peke yake. Lakini usiku, nyumbani Kamalondo, niliandika majina yote mawili kwenye daftari la shule: aliyeshinda kushoto, aliyeshindwa kulia. Niliona vibaya mtu ashinde mechi sita Paris, apoteze moja, halafu afutwe kwa sababu chaki ni fupi. Daftari lile ninalo mpaka leo. Jalada lilikufa zamani, nimelishona kwa uzi wa raketi. Majibu yote ya leo yanatoka humo.

Fundi, jambo. Mwanangu wa sekondari anasema hakuna Mwafrika aliyewahi kucheza fainali ya Roland-Garros, ile ya mmoja kwa mmoja. Mimi namkumbuka Noah. Nani ana haki? — Mama F., Katuba

Mama, mwanao amekosa, na wewe umepata nusu. Noah tutamfikia kwenye barua inayofuata. Kwanza mwambie kijana akae chini, umsomee mwaka 1951 kama ulivyo daftarini: kushoto Jaroslav Drobny, Misri, kulia Eric Sturgess, Afrika Kusini. Matokeo 6-3, 6-3, 6-3. Nchi mbili za Afrika kwenye fainali moja ya Paris, miaka tisa kabla Kongo haijapata uhuru.

Najua atakachojibu. Atasema: Drobny gani huyo wa Misri? Na ana haki ya kuuliza. Drobny alizaliwa Prague mwaka 1921. Baba yake alikuwa mtunza viwanja vya klabu ya tenisi na mtoto alianza kwa kuokota mipira, kwa hiyo mimi ninamhesabu kuwa mwenzangu wa kazi. Alikuwa pia mchezaji wa hoki ya barafu, akapata medali ya fedha na Chekoslovakia kwenye Olimpiki ya 1948. Julai 1949 alikuwa anacheza Gstaad, Uswisi, serikali yake ikamwamuru arudi. Hakurudi. Akabaki mtu asiye na karatasi, na sisi wa huku hatuhitaji kufafanuliwa maana ya kusafiri bila karatasi. Misri ndiyo iliyompa pasipoti. Kwa pasipoti hiyo alishinda Paris 1951 na 1952, na Wimbledon ya Uingereza 1954.

Lakini kilichonifanya nimpende Drobny ni yale majina yake ya kulia kabla hajaenda kushoto. Mwaka 1946 alikuwa mbele kwa seti mbili, bado moja tu ashinde, dhidi ya Mfaransa Marcel Bernard, akashindwa. 1948 akashindwa na Frank Parker. 1950 akashindwa na Budge Patty, 7-5 kwenye seti ya tano. Mtu anakuja fainali mara tatu, anarudi mikono mitupu mara tatu, halafu mwaka unaofuata anakuja tena na raketi begani kana kwamba hakuna kilichotokea!

Sturgess naye alikuwa Mzungu wa Johannesburg. Alishawahi kushindwa fainali ya Paris mwaka 1947, na Mhungaria József Asbóth. Sitamfichia mwanao ukweli: siku zile mtoto mweusi wa Johannesburg kama angeingia kwenye klabu ya namna ile, angeingia na ufagio. Basi ukiuliza bendera, Waafrika wamekuwepo tangu zamani. Irene Peacock wa Afrika Kusini alicheza fainali ya wanawake mwaka 1927, akashindwa na Mholanzi Kea Bouman. Ian Vermaak, wa Afrika Kusini pia, alicheza ya 1959 akashindwa na Nicola Pietrangeli, Mwitaliano aliyezaliwa wapi? Tunis. Ukiuliza ngozi, mwanamke mweusi wa kwanza kushinda pale ni Althea Gibson wa Marekani, 1956, binti wa wakulima wa pamba wa South Carolina. Naye akawa mtu mweusi wa kwanza, mwanamume au mwanamke, kushinda taji la mmoja kwa mmoja katika mashindano manne makubwa ya tenisi. Alimpiga Angela Mortimer 6-0, halafu seti ya pili ikaenda mpaka 12-10. Tazama vizuri hiyo seti ya pili. Huyo Mortimer ndiye aliyekuwa bingwa wa mwaka uliotangulia, na baada ya kupigwa sifuri alikataa kutoka uwanjani kwa muda wa gemu ishirini na mbili.

Ons Jabeur wa Tunisia, ambaye mwanao bila shaka anamjua, amecheza fainali tatu kubwa, mbili za Wimbledon na moja ya Marekani. Paris alishinda ya vijana, mwaka 2011. Ya wakubwa bado.

Mzee Fundi, heshima. Toleo lililopita uliandika kwamba Yannick Noah alimshinda Lendl kwenye fainali ya 1983. Mimi nimefundisha miaka thelathini na sijazoea kuacha kosa lipite. Ni Wilander. — Mwalimu K., Ruashi

Umenipata, mwalimu, na wino mwekundu nimeuona. Ivan Lendl alikuwa robo fainali, na ndiye pekee aliyemnyang'anya Noah seti katika mashindano yote yale. Fainali ilikuwa dhidi ya Mats Wilander wa Uswidi: 6-2, 7-5, 7-6. Daftari langu liko sawa. Kichwa changu ndicho kilichoteleza, kwa sababu sikufungua daftari. Niliandika kwa majivuno.

Na aibu yangu ni kubwa zaidi kwa kuwa siku ile naikumbuka vizuri. Tarehe 5 Juni 1983, Jumapili, nilikuwa na miaka kumi na tisa. Klabuni hapakuwa na mtu. Fundi cherehani jirani yetu Kamalondo alikuwa na redio ya mawimbi mafupi, na betri zake alikuwa amezianika juu ya bati tangu asubuhi ili zipate nguvu kidogo. Sauti ya Paris ilikuwa inakuja na kuondoka. Unasikia "Noah", halafu upepo, halafu makofi, hujui makofi ni ya nani. Wanaume kama kumi tulikuwa tumeinamia redio moja, na wengi wao hawajawahi kushika raketi. Wakati wa saa za joto za Paris saa yao na yetu ya Lubumbashi ni ileile, basi saa zao na zetu zilikuwa zinakwenda pamoja. Seti ya tatu ilipofika 6-6 redio ikanyamaza kabisa. Fundi cherehani akatoa betri, akaziuma kwa meno, akazirudisha. Mtu akapiga kelele kabla mtangazaji hajamaliza sentensi. Baadaye ndipo tulipojua kwamba Zacharie Noah, baba yake, Mkameruni aliyekuwa mchezaji wa mpira wa miguu wa Sedan, alishuka uwanjani wakakumbatiana kwenye lile vumbi jekundu.

Noah alizaliwa Ufaransa, akakulia Yaoundé. Huko ndiko mchezaji tenisi Mmarekani Arthur Ashe alikomwona mwaka 1971, mtoto wa miaka kumi na mmoja hivi. Miaka kumi na mmoja, mwalimu. Umri uleule nilioanza mimi kuokota mipira! Ila huku kwetu Ashe hakupita.

Kesho yake katibu mwenyewe alichukua chaki na kuandika NOAH, herufi kubwa, akajaza ubao. Kwa Wilander nafasi haikuwepo hata kama ningetaka. Na Wilander alikuwa na miaka kumi na minane tu, bingwa mtetezi, aliyeshinda 1982 akiwa na kumi na saba. Usimwonee huruma: alirudi kushoto mwaka 1985, na tena 1988 alipomshinda Henri Leconte, Mfaransa mwingine. Noah hakucheza tena fainali ya mashindano makubwa ya mmoja kwa mmoja. Na tangu siku ile ya betri hakuna Mfaransa mwanamume aliyeshinda Paris.

Shikamoo Fundi. Ni nani ameshindwa fainali nyingi za Roland-Garros kuliko wengine? Kaka zangu wanasema Federer. — N., mwanafunzi, Kampemba

Marahaba, binti. Kaka zako wanahesabu wanaume tu, kama kawaida ya kaka. Federer amepoteza nne: 2006, 2007, 2008 na 2011, zote mbele ya Nadal. Djokovic naye nne: 2012, 2014 na 2020 kwa Nadal, na 2015 kwa Stan Wawrinka. Hao wawili wamegongana nne kwa nne, wanywe chai.

Aliye juu yao ni mwanamke, anaitwa Simonne Mathieu. Sita.

Nisomee pole pole, maana hapa ndipo daftari langu lilipochafuka kwa kufunguliwa. Mwaka 1929 alishindwa na Helen Wills wa Marekani. 1932 akashindwa na Helen Wills tena. 1933 na Margaret Scriven, Mwingereza. Halafu 1935, 1936 na 1937, miaka mitatu mfululizo, mwanamke mmoja, Hilde Sperling, Mjerumani aliyeolewa Denmark. Wafaransa walikuwa wanakuja kumwangalia mwenyeji wao akishindwa kila mwaka, kama watu wanaokwenda misa. Hebu fikiria mwenyewe: mwaka wa sita unaingia uwanjani, unamwona yuleyule Sperling upande wa pili wa wavu, na unajua kila mtu aliyekaa pale anajua.

Mwaka 1938 Sperling hakuwepo upande ule wa wavu. Mathieu alimpiga Nelly Landry, akashika kombe. 1939 akalishika tena, mbele ya Mpolandi Jadwiga Jędrzejowska. Fainali nane, sita kulia, mbili kushoto. Halafu vita ikaja na tenisi ikakatika. Mathieu alikwenda London kwa de Gaulle, na huko mwaka 1940 akaanzisha kikosi cha wanawake wa kujitolea wa Ufaransa Huru.

Sasa ile sehemu inayonifurahisha. Mwaka 2019 walifungua pale Roland-Garros uwanja mpya, watu kama elfu tano wanakaa, umezungukwa na nyumba za vioo zenye mimea ya mabara manne, Afrika ikiwemo. Jina la uwanja: Simonne-Mathieu. Viwanja viwili vinavyouzidi ukubwa vimepewa Philippe Chatrier, aliyekuwa rais wa shirikisho, na Suzanne Lenglen, ambaye kushindwa kwake ni hadithi ya kutafuta kwa taa. Wa tatu wakampa mwanamke aliyepoteza fainali sita. Mimi katibu wangu wa zamani ningependa apelekwe pale kwa ndege, akalishwe chini ya lile jina, na mfukoni atiwe kipande cha chaki.

Waambie kaka zako jambo moja la nyumbani watakaloelewa. Tarehe 18 Desemba 2010, Abu Dhabi, Mazembe 0, Inter ya Milan 3. Fainali ya klabu za dunia, na hakuna klabu ya Afrika iliyokuwa imefika pale kabla yetu. Ni nani hapa Lubumbashi anayesimulia siku ile akaanza na zile bao tatu? Tunaanza na Pachuca ya Mexico tuliyoifunga, tunakwenda kwa Internacional ya Brazil tuliyoifunga pia, tunapiga ngoma kidogo, na tukifika Inter tunasema "tulicheza fainali".

Fundi, huyu Roland Garros alishinda mara ngapi? Simwoni kwenye orodha yoyote. — Papa J., Bel-Air

Hata mara moja, papa. Alikuwa rubani. Alizaliwa Réunion, kisiwa cha huku kwetu Bahari ya Hindi, mwaka 1888. Septemba 1913 aliruka kutoka Fréjus kusini mwa Ufaransa mpaka Bizerte, Tunisia, akawa wa kwanza kuivuka Mediterania bila kutua. Alikufa vitani Oktoba 1918. Uwanja ulijengwa mwaka 1928 kwa sababu Wafaransa wanne, Lacoste, Cochet, Borotra na Brugnon, walikuwa wameleta Kombe la Davis, lile la timu za mataifa, kutoka Marekani na hapakuwa na mahali pa kutosha pa kulitetea. Klabu ya Stade Français ilitoa ardhi kwa sharti kwamba uwanja upewe jina la mwanachama wao aliyekufa. Mashindano yenyewe ni ya zamani zaidi: yalianza 1891 kwa wanachama wa klabu za Ufaransa, na wageni walifunguliwa mlango mwaka 1925.

Fundi, ninafundisha michezo. Wanafunzi wangu walitazama fainali ya Alcaraz na Sinner wakaniuliza kwa nini mtu aliyeshinda seti mbili anashindwa. Nikasema "bahati". Nilijua jibu ni baya. — Mwalimu wa michezo, Kipushi

Si bahati, ni udongo. Na wewe wa Kipushi udongo unaujua.

Kiwanja nilichokulia kilikuwa cha udongo wa kichuguu. Wageni hucheka nikiwaambia, lakini vichuguu vyetu vya Katanga, vile virefu kuliko nyumba, ndivyo vinavyotupa matofali, na kwa nini visitupe tenisi? Wazee walikuwa wanaukata kwa jembe, wanautwanga, wanauchekecha kama unga wa bukari, wanaumwaga, wanaumwagia maji, halafu pipa lililojazwa saruji linapita juu mara arobaini. Asubuhi mimi nilivuta gunia lenye maji kutoka wavuni mpaka nyuma, kwa mzunguko, bila kuacha alama ya kisigino. Mpira wa kwanza ukidondoka pale unaacha duara dogo, kama umebonyeza kidole kwenye unga. Ukiinama utaona upande mmoja wa duara vumbi limesukumwa likawa ukingo mdogo. Ukingo huo ndio jibu la wanafunzi wako. Mpira umetumia nguvu yake kusukuma vumbi, basi unainuka juu zaidi na kwenda pole pole zaidi kuliko ulivyokuja.

Paris wanatumia matofali yaliyosagwa, na watu wengi hawajui kwamba wekundu wote ule ni tabaka la milimita moja au mbili. Chini yake kuna chokaa nyeupe, kisha majivu ya makaa, kisha mawe. Lakini hiyo milimita mbili inatosha. Kwenye majani ya Wimbledon mtu mwenye servisi kali anaweza kufunga duka mapema. Kwenye udongo servisi yake inarudishwa. Anapiga kona, inarudishwa. Anayeongoza hana namna ya kumaliza haraka, na kila pointi lazima ailipe kwa miguu. Saa ya tatu miguu inaanza kudai deni.

Ndiyo maana upande wangu wa kulia umejaa watu waliokuwa mbele kwa seti mbili. Drobny 1946 nimekwishamtaja. Manuel Orantes 1974, mbele ya kijana Björn Borg: alishinda mbili, halafu akapata gemu mbili tu katika seti tatu zilizobaki. Andrei Medvedev 1999 mbele ya Agassi. Tsitsipas 2021 mbele ya Djokovic. John McEnroe 1984 alikuwa hajapoteza mechi hata moja mwaka ule, akampiga Lendl seti mbili kama anapiga mswaki, kisha kelele kutoka kwenye vifaa vya masikioni vya mpiga picha zikamkasirisha, akaenda kupiga makelele humohumo. Akashindwa 7-5 ya tano. Hakushinda Paris ya mmoja kwa mmoja maishani.

Guillermo Coria, 2004, ndiye ninayemwonea uchungu. Waargentina wawili kwenye fainali, yeye na Gastón Gaudio. Alianza 6-0, 6-3. Mshipa ukamkaza miguuni, akawa anatembea kama mzee anayetafuta viatu, lakini akafika mpaka kushika pointi mbili za kumaliza mechi kwenye seti ya tano. Zote zikapita. Gaudio 8-6.

Na Jannik Sinner, tarehe 8 Juni 2025. Seti mbili kwa moja, 5-3 ya nne, Alcaraz anaanzisha mpira na yuko 0-40. Pointi tatu za ubingwa, mwalimu, zimepangwa mezani kama sahani. Alcaraz akazila zote tatu. Saa tano na dakika 29, fainali ndefu kuliko zote zilizowahi kuchezwa pale. Ilianza sisi tumevaa mashati, ikaisha tumevaa makoti, baridi ya Juni imeingia na mke wangu ameshauliza mara tatu kama nitakula. Umeme ulikatika kwenye seti ya tano. Nilimalizia kwenye simu ya mwanangu, skrini imepasuka katikati, kwa hiyo Sinner nilimwona vipande viwili.

Kwa wanafunzi wako ongeza fainali ya kinyume, ili wasidhani udongo humpa kila mtu muda. Mwaka 1988 Steffi Graf alimpiga Natasha Zvereva 6-0, 6-0. Karatasi ya mwamuzi iliandika dakika 34, na ndani yake mvua ilikuwa imewasimamisha. Zvereva alikuwa na miaka kumi na saba, na ili kufika pale alikuwa amemtoa Martina Navratilova. Hilo la Navratilova hakuna anayelitaja. Baadaye alishinda mataji 18 makubwa ya wanawake wawili wawili, hilo nalo nimeliandika pembeni kwa kalamu tofauti kwa sababu nafasi ilikuwa imekwisha.

Fundi, sisi ni marafiki wawili wa Kenya (mtaa, si nchi). Mmoja anasema Nadal alishindwa fainali moja ya Paris, na Djokovic, 2021. Mwingine anasema Nadal alipoteza mechi moja tu katika maisha yake pale, na Söderling, 2009. Tumewekeana kreti ya bia ya Simba. Tukikosa wote wawili, kreti ni yako. — D. na P.

Vijana wangu, hii ndiyo barua niliyoifungua mwisho na kuifurahia kwanza.

D., mwaka 2021 Djokovic alimshinda Nadal kweli, lakini kwenye nusu fainali. P., Söderling 2009 ni kweli, raundi ya nne, lakini kuna nyingine tatu: Djokovic 2015 robo fainali, Djokovic huyohuyo 2021, na Zverev 2024 raundi ya kwanza kabisa. Mechi 112 alishinda, nne alipoteza, na katika hizo nne hakuna fainali. Fainali alicheza 14 na kushinda 14. Upande wake wa kulia daftarini nimeandika Puerta, Federer mara nne, Söderling, Djokovic mara tatu, Ferrer, Wawrinka, Thiem mara mbili, na Ruud. Upande wa kulia wa jina lolote la Paris, jina Nadal halipo. Nimepekua mara mbili kwa sababu ya kreti.

Nipo dukani kila siku kuanzia saa mbili asubuhi. Ileteni baridi. Chupa tupu nitazirudisha mwenyewe.